Ayatarajiayo Mwanafunzi wa Kompyuta

Msafiri aliyeambiwa ukweli wa njia kabla ya kuondoka huchukua fimbo, maji na viatu vinavyomfaa. Aliyedanganywa huondoka na wimbo tu, na wimbo humwishia kabla ya mlima wa kwanza. Elimu nayo ni njia. Wengi huiacha katikati, si kwa sababu miguu yao ni dhaifu, bali kwa sababu walitarajia bonde wakakuta mlima. Insha hii yahusu njia moja katika njia za elimu, nayo ni somo la sayansi ya kompyuta katika shule za sekondari. Naiandika kwa kuwa niliipita mwenyewe nikajikwaa, na kwa kuwa niliulizwa juu yake swali ambalo halikustahili jibu la haraka.

Aliyeuliza ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Kwetu ni Magole, wilaya ya Kilosa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, mahali inapochepuka njia ya kwenda Turiani. Ni nchi ya mpunga, mahindi na nyanya. Mtu huko hupimwa kwa jembe lake na kwa neno lake. Sisi ni Wakaguru, na kwa Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama; kwa hiyo neno la mjomba kwa mtoto wa dada yake si neno la mpita njia. Akisema vema husifiwa, na akipotosha lawama haimpiti.

Binti huyu alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne, na siku chache zilikuwa zimesalia za kuthibitisha au kubadili tahasusi atakayoisoma katika kidato cha tano. Baba yake alitaka asome Fizikia, Kemia na Baiolojia, apate kuwa tabibu. Moyo wake yeye ulikuwa katika Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Mama yake, ambaye alikuwa amekwisha uza magunia manne ya mpunga kwa ajili ya sanduku, godoro na nauli, hakutaka kuhukumu kati ya mume na mtoto. Alisema, "Nenda kwa mjomba wako. Yeye ndiye aliyeisoma."

Akaja jioni, akaketi juu ya mkeka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema. Nimetumwa, lakini hata nisingetumwa ningekuja. Nikienda kusoma kompyuta, nitarajie nini?"

Jibu jepesi lilinijia mdomoni, nikalimeza. Nilikumbuka kwamba zamani zangu niliuliza swali hilihili, na mtu aliyenijibu alinidanganya, si kwa ubaya, ila kwa kutojua. Aliniambia kwamba nitafundishwa kuandika upesi kwa mashine, na nikimaliza ofisi zitaniita kwa jina. Nikaenda nikitarajia vidole vyepesi na kiti cha kuzunguka. Juma la kwanza hatukugusa mashine hata mara moja. Mwalimu alichora ubaoni safu za sifuri na moja, akasema kwamba huo ndio mlango wa nyumba, na asiyeweza kuinama hapo hataingia ndani. Baadhi ya wenzangu walicheka. Mimi nilitamani kurudi nyumbani.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia ni hili: kutumia kompyuta ni kitu kimoja, na kuisoma sayansi yake ni kitu kingine. Dereva wa basi huijua barabara na usukani. Aliyebuni injini huijua sababu ya gari kwenda. Wote wawili ni watu wa maana, lakini hawakusoma darasa moja. Anayekwenda kujifunza kuandika barua, kupanga hesabu za duka au kutuma picha hahitaji miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Miezi michache yatosha. Anayekwenda kusoma sayansi ya kompyuta anakwenda kujifunza namna ya kufikiri, kisha namna ya kuyaandika mawazo yake kwa unyofu hata kitu kisicho na akili kiweze kuyafuata.

"Kisicho na akili?" aliuliza kwa mshangao. "Watu wote husema kompyuta ina akili kuliko mtu."

Nikamwambia alete bao la babu yake.

Msomaji ajuaye mchezo wa bao ataniwia radhi nikieleza ayajuayo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anapotembeza kete zake hudondosha moja katika kila shimo mpaka kete ya mwisho. Ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu humwendea mwenzake. Ikiangukia shimo lenye kete, naye hawezi kula, huzizoa zote akaendelea. Penye nafasi ya kula hana budi kula; pasipo nafasi hutakata. Haya yote hayahitaji busara. Mtoto aliyeshika kanuni anaweza kuzitembeza kete bila kosa, ingawa hajui kwa nini mzee aliye mbele yake anatabasamu.

Hapo, nilimwambia, umekwisha kuiona programu nzima. Kudondosha kete moja moja ni kurudia tendo lile lile, na kazi hiyo waandishi wa programu huiita kitanzi. Shimo tupu ni sharti la kukomesha kitanzi. "Ukiweza kula, kula, usipoweza, takata" ni uamuzi wa njia panda. Kete zilizomo shimoni sasa hivi, ambazo baada ya zamu moja zitakuwa nyingine, ndizo zinazoitwa kigeu. Mfululizo wa kanuni kama hizo, zenye mwanzo, mpango na mwisho, huitwa algoridhimu. Neno hilo limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 aliyeandika juu ya hesabu. Kompyuta ni yule mtoto anayetembeza kete: ni mwepesi, hachoki, hasahau, na haelewi. Busara ya mzee haimo ndani yake. Mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuileta.

Zile sifuri na moja zilizonitisha hazina uchawi. Waya una umeme au hauna. Kwa hiyo mashine hujua alama mbili tu, nasi twaandika kila kitu kwa hizo mbili. Kumi na tatu huandikwa 1101, yaani nane moja, nne moja, mbili hakuna, na moja moja. Alama nane zikipangwa pamoja huitwa baiti, na mipangilio yake yote ni 256, ambayo yatosha kuandika kila herufi ya Kiswahili, kubwa na ndogo, na tarakimu zote, na nafasi kusalia. Baada ya hesabu hiyo hufuata mantiki ya kweli na uongo, ambayo Mwingereza George Boole aliieleza kitabuni mwaka 1854, wakati ambapo hapakuwa na mashine ya kuitumia. Tena mwaka 1843 mwanamke aitwaye Ada Lovelace alikwisha andika hatua za hesabu kwa ajili ya mashine ambayo mbunifu wake, Charles Babbage, hakupata kuimaliza. Nilimtajia binti jina hilo kwa makusudi. Wapo watakaomwambia kwamba somo hili ni la wavulana; na ajue kwamba mlango huo ulipita mwanamke kabla ya wengi wa wanaoulinda.

Baada ya mantiki huja kuandika programu katika lugha maalumu. Yetu ilikuwa C++, iliyobuniwa na Bjarne Stroustrup, na iliyopewa jina hilo mwaka 1983. Hapa ndipo nilipojikwaa, na sikuweza kumweleza mpwa wangu kujikwaa huko bila kumweleza kwanza habari ya mafuriko.

Mwezi Januari 2014, nilipokuwa nimeanza kidato cha tatu, Mto Mkundi ulifurika. Maji yaliingia Magole, Dumila na vijiji vya jirani; nyumba zikaanguka, mashamba yakafunikwa na matope, na barabara kuu ikakatika kwenye daraja, magari ya kwenda Dodoma na ya kwenda Dar es Salaam yakasimama pande mbili yakitazamana. Baba yangu alikuwa mtunza ghala la kikundi kidogo cha wakulima. Hesabu ya magunia ya kila mtu ilikuwa katika daftari moja, na daftari lilikuwa katika chumba kimoja, na chumba kilikwenda na maji. Magunia kadhaa yaliokolewa, lakini kumbukumbu haikuokolewa. Jirani mmoja, aliyetahiriwa jando moja na baba, alisema kwamba yeye na ndugu yake waliweka magunia saba, kwa hiyo fungu lake ni matatu na nusu. Baba alikumbuka sita, na fungu la matatu. Hakuna aliyekuwa mwongo, wala hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kwa ajili ya nusu gunia watu wawili waliokua pamoja waliacha kusalimiana, na nyumbani kwetu lilipotajwa ghala baba alinyanyuka akatoka nje.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kidato cha tano, katika shule ya mbali na kwetu. Mwalimu alitutaka kila mtu aandike programu ya jambo la kwao. Bila kumwambia mtu sababu, niliandika programu ya kugawa magunia. Niliijaribu kwa magunia saba na watu wawili. Mashine ikajibu: 3.

Nilikaa nikikitazama kioo. Mashine isiyokuwa na jirani wala ukoo, iliyonunuliwa ili isikosee, ilikuwa imelipoteza nusu gunia lile lile. Nikadhani ni mbovu. Mwalimu akaja, akasoma mistari yangu, akasema, "Haijakosea. Wewe uliiambia kwamba idadi zako ni namba kamili, nayo katika lugha hii namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili. Kinachobaki hutupwa, wala hupewi habari." Nilibadilisha neno moja lililotaja aina ya namba, nikaijaribu tena. Ikajibu: 3.5.

Nafikiri siku hiyo ndiyo niliyoanza kuisoma sayansi ya kompyuta. Miezi iliyotangulia nilikuwa nikihudhuria tu. Nilijifunza mambo matatu pamoja. Kwanza, mashine hutenda uliyosema, si uliyokusudia. Pili, kosa baya kuliko yote si lile linaloisimamisha programu, bali lile linaloiacha iendelee na kutoa jibu lenye sura ya kweli. Tatu, jibu la mashine halina budi kupimwa na mtu anayejua magunia. Kama nisingalijua tangu nyumbani kwamba saba kwa wawili ni tatu na nusu, na kwamba nusu hiyo inaweza kuvunja urafiki, ningaliipokea ile 3 nikajisifu.

Taifa letu nalo limewahi kujikwaa katika njia hii. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya hesabu za serikali ilipokabidhiwa mashine mpya, mambo yaliharibika, kwa kuwa wataalamu wa kwetu walikuwa wachache na matayarisho yalikuwa haba. Na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wako wanaoitaja marufuku hiyo kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekwa. Mtu aliyenunua jembe la ng'ombe kabla ya kufundisha ng'ombe na mkulima atalima mstari uliopinda, na akisitasita kununua la pili ana sababu yake. Dawa ya upungufu ule haikuwa kuikimbia mashine milele, wala kununua nyingine tu. Dawa ilikuwa kuwafundisha watu, na darasa analotaka kuliingia mpwa wangu ni sehemu ya dawa hiyo.

Nilimwambia pia mambo yasiyopendeza, maana ukweli uliochaguliwa ni ndugu wa uongo. Atarajie uhaba. Katika shule niliyosoma kompyuta zilizofanya kazi zilihesabika kwa vidole, nasi tulizizunguka kama watoto wanaoota moto mmoja. Umeme ulipokatika, kazi ambayo haikuhifadhiwa ilikwenda, wala haikuwa na kaburi. Kwa sababu hiyo ajifunze kuandika programu kwa kalamu kwanza, na kuifuata mstari kwa mstari kwa kidole, akiandika pembeni thamani ya kila kigeu, kama mtu ahesabuye kete za bao kabla ya kuzigusa. Niliona mazoezi hayo ya umaskini kuwa ni adhabu. Baadaye, chuoni, nilikuta wenzangu waliokulia mbele ya mashine nyingi hawakuyajua, na yakanifaa.

Atarajie vilevile taabu ya lugha. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza, na sasa ataongezewa lugha ya tatu ambayo haisemwi na mtu yeyote. Si aibu kulifasiri jambo moyoni mwake kwa maneno ya kwao. Kiswahili si kipofu katika mambo haya: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutayarisha programu za ofisi kwa lugha yetu, zilizotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na mashine yenyewe imepewa majina matatu, kompyuta, ngamizi na tarakilishi, ingawa kwetu watu wameshikamana na la kwanza. Neno huzoeleka kwa kutumiwa. Mwanafunzi anayemweleza bibi yake kitanzi kwa mfano wa bao, bibi akaelewa, amekielewa kuliko aliyekariri maana yake kitabuni.

Atarajie kukosea kila siku. Katika masomo mengine mwanafunzi hukosea siku ya mtihani, akasahihishwa baada ya juma. Hapa husahihishwa kila dakika, tena na msahihishaji asiye na haya wala huruma. Alama moja ndogo ikikosekana mwishoni mwa mstari, kazi nzima hukataliwa. Mwenye kiburi hukasirika akaondoka. Mwenye saburi hujifunza kulitazama kosa lake bila kuona aibu, na sijui elimu nyingine inayotoa zoezi hilo mara nyingi namna hii.

Hapo binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza lile ambalo, nadhani, ndilo lililomleta.

"Baba anasema siku hizi kuna mashine zinazoandika programu zenyewe. Ukiziambia kwa maneno, zinaandika. Anasema nitasoma miaka mingi nikute kazi imekwisha fanywa. Mjomba, anasema kweli?"

Nilimjibu kwamba baba yake amesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli yastahili heshima. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za namna hiyo zimeenea duniani kote, nami huzitumia. Nilimwambia wazi kwamba simjui mtu awezaye kumhakikishia ajira, katika somo hili wala katika lile la utabibu. Lakini nilimkumbusha ile 3. Mashine inayoandika programu nayo huweza kutoa jibu lenye sura ya kweli. Na programu nyingi zikiandikwa upesi, makosa mengi yaliyo kimya yataandikwa upesi vilevile. Fedha za watu wetu hupita katika simu. Tiketi ya treni ya umeme inayopita Kilosa tangu mwaka 2024 huandikwa na mashine. Matokeo ya mtihani wake mwenyewe yalipita humo. Mahali fulani katika mistari hiyo nusu gunia la mtu laweza kutupwa bila habari. Nani ataliona, asipokuwako aliyefundishwa kusoma mistari, na anayejua uzito wa nusu gunia?

"Usiende huko kwa kutaka kuipita mashine mbio," nikamwambia. "Nenda ujifunze kuihoji. Na kama moyo wako uko katika kutibu wagonjwa, basi mtii baba yako bila kinyongo, maana hapana elimu ndogo kati ya hizo mbili. Ila usichague utabibu kwa kuogopa hesabu, wala kompyuta kwa kupenda kiti cha kuzunguka."

Akatazama bao muda mrefu, akizihamisha kete bila kucheza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Na nusu gunia lile, mjomba, babu alililipa?"

Nikamwambia kwamba alililipa. Katika mavuno ya mwaka uliofuata, baba alipima debe tatu katika mpunga wake mwenyewe, akampelekea jirani yake, bila kujua kama alikuwa akidaiwa au hadaiwi. Jirani akapokea debe mbili, ya tatu akairudisha, akisema kwamba yeye naye hana daftari. Tangu siku hiyo wakasalimiana. Hesabu hiyo haikuwa sahihi katika namba kamili wala katika namba zenye desimali, na hakuna programu yangu inayoweza kuiandika. Lakini ndiyo iliyoufunga ule mgogoro.

Binti alithibitisha tahasusi ya Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Baba yake hakufurahi, ila alimsindikiza mpaka kituo cha basi na sanduku kichwani. Sikuwa na uwezo wa kumnunulia mashine. Nilimpa madaftari mawili, nikamwagiza kila aandikalo katika moja alinakili katika la pili, na mawili hayo asiyalaze chumba kimoja.